Mwanangu kwenye pedali, mimi chini ya gari

Mzazi mwenzangu, Jumatatu asubuhi nilikuwa nawapeleka watoto shule. Tulipofika mteremkoni nikakanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga godoro. Nilipokanyaga mara ya tatu ndipo gari likashika. Watoto walikuwa nyuma wakigombania dirisha, hawakujua lolote. Mimi jasho lilinitoka.

Kosa lilikuwa langu. Siku mbili kabla nilibadilisha mpira wa breki wa gurudumu la nyuma, kisha nikatoa upepo. Mwanangu wa kidato cha tatu alikaa kwenye pedali. Alipouliza sababu nilimjibu, "Wewe fanya ninavyokuambia." Basi akawa anaachia pedali kabla sijafunga nati, na upepo ukarudi ndani.

Siku hiyo hiyo jioni tulirudia. Kwanza nilimweleza: mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea. Ukiwemo upepo, nguvu ya mguu inaishia humo, breki hazikazi.

Gari tuliliweka juu ya stendi, si jeki peke yake. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo cha mafuta. Kwetu ni la nyuma kushoto, ila fuata kitabu cha gari lako. Nikachomeka mpira mwembamba kwenye nati, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga!"
"Nimekanyaga, baba!"
Nikalegeza, mapovu yakatoka. Nikafunga.
"Nimefunga, achia!"

Tulirudia hadi mafuta yakatoka bila mapovu, tukahamia gurudumu jingine. Kila baada ya kukanyaga mara chache aliangalia kikopo na kuongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Kikikauka, upepo unaingia upya.

Mafuta machafu ni sumu na yanaharibu rangi ya gari. Usiyaweke kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuifikia.

Mwisho, washa injini ukanyage. Pedali ikiwa ngumu na haizami, jaribu polepole uani kabla ya kuingia barabarani. Ikiwa bado laini, usiliendeshe, mwite fundi.

Safari hii mwanangu ndiye aliyesema, "Baba, subiri, bado naona mapovu." Alikuwa sahihi. Ningemjibu swali lake mara ya kwanza, tusingefika kwenye mteremko ule na breki mbovu.