Makini Haimo Machoni
Na Mwanaidi Shehe

“Niangalie ninaposema nawe!” Mwalimu anayetoa amri hii anadhani anadai adabu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tulilelewa kinyume: mkubwa akikusemesha, unainamisha uso, ukimkodolea, utaambiwa una macho makavu. Basi kwa nini mtoto mwenye usonji tunamshika kidevu, tukamgeuza, kisha tukaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi?

Watu wazima wenye usonji wamelieleza hili wenyewe. Kwa baadhi yao kutazamana ni kazi nzito, na nguvu inayokwenda machoni inapungua masikioni. Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliandika kwamba umakini wa mwenye usonji huelekea kuzama kwenye jambo moja kwa nguvu zote badala ya kugawanyika kwenye mengi. Kwa maneno mengine, mtoto huyu umakini anao. Uko kwingine tu.

Asipoitika jina, kwanza apelekwe hospitali apimwe masikio. Yakiwa mazima, iliyobaki ni kazi yetu. Msogelee, chuchumaa, mwite jina ndipo useme, kwa maneno machache: “Juma, vaa viatu,” si “Hivi huoni wenzako wameshavaa, unangoja nini?” Kisha nyamaza. Ukilirudia agizo kwa maneno mengine kabla hajalielewa la kwanza, umemwongezea mzigo. Mwonyeshe kitu chenyewe au picha, maana sauti ikishatoka imepotea, picha inabaki. Akiwa amezama kwenye gurudumu la kigari chake, anzia mazungumzo hapo hapo kwenye gurudumu.

Darasani, chunguza kinachomshinda. Feni inayokwaruza, mvua juu ya bati, wenzake wakiimba irabu: sisi tunavipuuza bila kujua, yeye huenda vyote vinamvamia kwa mpigo. Kumhamisha mbali na feni hakuhitaji bajeti ya wizara.

Wapo watakaosema huko ni kumdekeza, kwani dunia haitamngoja. Lakini mtoto anayelazimishwa kukaza macho anajifunza kuonekana anasikiliza, na somo lenyewe linampita. Walimu wangu, kabla ya kuandika “hana makini”, muulizeni kwanza somo lilihusu nini. Akijibu, au akigusa picha iliyo sahihi, mpeni alama zake, hata kama muda wote alikuwa akitazama dirishani.