Uvira: Feni ya kuchaji isiuzwe kwa maneno ya kartoni

Kartoni inaandika «masaa 24». Mama mhami anayelala chini ya shitingi kule Kavimvira anatoa pesa za unga, analipa. Usiku haujafika katikati, feni imezima. Biashara ya namna hiyo ikomeshwe sokoni.

Hesabu ni rahisi. Betri ya volti 3.7 na miliampea-saa 4000 inabeba karibu wati-saa 15. Feni ikila wati 5 kwa mwendo wa nguvu, inafika masaa 3 tu. Masaa 24 ni ya mwendo wa chini kabisa, ambao mtoto mwenye jasho hausikii.

Muuzaji mwaminifu ajaze moja chaji, aiweke mezani asubuhi, izunguke kwa nguvu hadi izime, na wanunuzi waone saa. Asiyekubali jaribio hilo, asiuziwe imani ya mtu.

Na wanaogawa misaada wasikilize pia. Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Ndani ya shitingi iliyofungwa mchana, inapuliza joto lile lile. Familia ifungue pande mbili kwanza, chandarua kibaki mahali pake usiku.

Mto Mulongwe ulibomoa nyumba usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Aliyepoteza nyumba anadai kiwanja salama na mabati. Kumpa feni na kumwandika kwenye ripoti kama aliyesaidiwa ni kumkosea mara ya pili.