Majani yaliwe, yasipigwe bomba

Wauzaji wa dawa za miti shamba katika masoko ya Kivu hupenda kusema kwamba majani ya mapera na lenga-lenga yanalinda utumbo mkubwa usiharibiwe na sumu. Ukweli upo ndani yake, ila umekatwa katikati.

Mimea ina kitu kinachoitwa flavonoidi. Moja yao, kwesetini, iko kwa wingi katika kitunguu chekundu na katika majani ya mapera. Nyingine, rutini, iko katika lenga-lenga. Ili kuzipima, watafiti hutia asidi ya asetiki, ileile inayofanya siki iwe kali, katika utumbo mkubwa wa panya kupitia njia ya haja kubwa. Utumbo unavimba, unapata vidonda, unatoa damu. Panya waliopewa flavonoidi kwa mdomo mbele ya hapo mara nyingi huonekana na vidonda vidogo zaidi, maana zinapunguza uvimbe.

Lakini watu waangalie tena namna panya alivyoumizwa. Ni bomba! Na bomba ndilo linalopigwa katika nyumba nyingi: mtoto tumbo likimuuma, homa ikipanda, mama au koko anachukua mpira na kutia maji ya majani yaliyotwangwa, pengine na sabuni au pilipili. Nia ni kumsaidia. Ila sabuni na pilipili huunguza utando laini wa utumbo. Jani linalosifiwa kwa kulinda utumbo linapitishwa njia ileile ambayo maabara huitumia kuuharibu.

Kipimo nacho ni shida. Panya hupewa hata miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wake. Hata hesabu ikipunguzwa kama wataalamu wanavyofanya, mtu mzima angehitaji kula kilo kama 3 za vitunguu kwa siku. Nani atavinunua? Kitunguu na lenga-lenga ni chakula kizuri, na viliwe, bila kuviita dawa ya kidonda.

Kumlaumu koko ni rahisi kwa yule ambaye hajalala ndani ya hema. Kwa familia iliyokimbia vita, kituo cha afya kiko mbali, pesa ya fishi haipo, na jani ni la bure. Lakini mtoto anayeharisha anapoteza maji, na bomba linamzidishia. Anachohitaji ni kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituoni. Na yeyote anayetoa damu chooni, mkubwa au mdogo, asingoje majani.

MaRECO wanaopita hema kwa hema wakifundisha kunawa mikono waulize pia juu ya ule mpira unaoning'inia kwenye msumari.