Mlevi Atibiwe Kwanza, Asifukuzwe



Kila kesi ya pombe inapofika mbele ya meneja, husikika maneno ya namna mbili. Mwajiri husema, "Huyu ni mlevi, aende zake." Na baadhi yetu husema kwa sauti ya chini, "Amejitakia mwenyewe." Matokeo yake ni mamoja: mtu anatolewa nje ya geti, nyumba ya shamba anairudisha, watoto wanaacha shule, na pombe haimwachi. Chama hakina budi kuyakataa maneno yote mawili. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa, una matibabu, na matibabu hayo lazima yaandikwe katika mkataba wetu wa pamoja na mwajiri.

Sisemi hivi kwa huruma tu. Ushahidi upo, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka katika miili ya wafanyakazi kama sisi.

Mwaka 1937, huko Marekani, daktari wa kiwanda aitwaye E. E. Williams aliandika juu ya wafanyakazi walioshughulika na kemikali za kutengenezea mpira. Wafanyakazi hao walikuwa hawawezi tena kunywa. Akionja pombe kidogo tu, mtu uso ulimwaka na moyo ulimwenda mbio. Kemikali ile ilikuwa imeingia mwilini na kuuzuia mwili kuiondoa sumu inayotokana na pombe. Williams aliuliza kama kitu hicho hakingefaa kutibu ulevi. Baadaye, mjini Copenhagen, watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakijaribu kemikali ya jamii hiyo iwe dawa ya minyoo. Waliimeza wao wenyewe, wakanywa pombe, wakapatwa na mambo yale yale. Wakatangaza habari hiyo mwaka 1948. Dawa hiyo ni disulfiramu, nayo inatumika hospitalini hadi leo.

Lakini tuelewane. Dawa hii hutolewa na daktari, kwa mgonjwa aliyekubali, na hufaa zaidi anapoimeza mbele ya mtu wa kumsimamia. Kumtilia mtu kwa siri katika chai ni hatari, kwani akinywa pombe juu yake anaweza kufa. Zipo pia dawa nyingine. Naltreksoni, iliyoruhusiwa kwa ugonjwa huu huko Marekani mwaka 1994, hupunguza hamu ya pombe. Hakuna hata moja inayomaliza kazi peke yake. Mgonjwa anahitaji pia ushauri na watu wa kushikana naye mkono. Vikundi vya walevi walioacha, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, havitozi ada, na uchunguzi wa tafiti 27 uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba katika kumsaidia mtu aache kabisa, njia hiyo hailingani tu na matibabu mengine, bali mara nyingi huyapita.

Sasa mtazameni mwenzetu ambaye alfajiri mikono yake inatetemeka, na akipata kikombe inatulia. Nyapara humwita mvivu. Daktari huona dalili. Ubongo uliozoea pombe nyingi kila siku hushtuka pombe inapokatwa ghafla. Mtu hutoka jasho, hukosa usingizi, na wengine hupatwa na degedege katika siku mbili za kwanza, au huona na kusikia vitu visivyokuwapo. Bila matibabu, hali hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo meneja anayesema "acha leo au ondoka kesho" anampa mgonjwa amri ambayo mwili wake hauwezi kuitii salama. Mtu wa namna hiyo anahitaji siku kadhaa za uangalizi, dawa za kumtuliza, na vitamini B1. Hapa Uganda, Hospitali ya Butabika mjini Kampala ina kitengo cha wagonjwa wa pombe na madawa ya kulevya.

Wako pia wengi ambao hawajafika huko. Kwa ajili yao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 maswali kumi, yaliyotayarishwa kwa utafiti katika nchi sita, Kenya ikiwa moja. Mhudumu wa zahanati anaweza kuyauliza kwa dakika chache, na imeonekana kwamba hata ushauri mfupi hupunguza unywaji wa watu wa kundi hili. Hakuna shamba la kusema halina uwezo wa maswali kumi.

Mwajiri atajibu kwamba mashine haina huruma. Ni kweli, na sisi tunasema hivyo hivyo. Mtu aliyelewa asishike trekta, asisogelee rola wala boila, kwa sababu mkono utakaokatwa unaweza kuwa wa jirani yake. Aondolewe siku hiyo hiyo. Lakini kumwondoa kwenye mashine si kumwondoa kazini. Mwenye kifua kikuu tunampeleka kutibiwa, kisha anarudi.

Tusisahau pia pombe inatoka wapi. Huko Afrika Kusini, wenye mashamba ya zabibu katika Rasi ya Magharibi waliwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo. Sheria ya miaka ya 1960 ilikataza, lakini desturi iliendelea miaka mingi, na watoto wakazaliwa na madhara ya pombe. Kwetu, waragi ya vifuko ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini palipo na waragi ya mkopo karibu na geti, mshahara hunywewa kabla haujalipwa. Anayefaidika na kiu yetu hana haki ya kutuhubiria.

Silaha tunazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa la mwenendo, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Na mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 unasema matatizo ya pombe yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, na kwamba matibabu yatangulie adhabu.

Basi kila tawi lidai haya katika mazungumzo yajayo:

Kwanza, anayejitokeza kuomba msaada asiadhibiwe kwa kujitokeza, na habari zake ziwe siri.

Pili, siku za matibabu zihesabiwe kuwa likizo ya ugonjwa.

Tatu, akirudia kunywa baada ya matibabu, arudishwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu.

Nne, pasiuzwe pombe ya mkopo katika kambi na mashamba.

Na sisi kwa sisi, tuache kumcheka mwenzetu anayetetemeka. Wawakilishi wa matawi, msingoje barua ya kufukuzwa iandikwe. Mpelekeni zahanati akiwa bado ana kazi.

Umoja ni nguvu!