Watoto Tusiowahesabu

Usiniambie tena kwamba usonji ni mambo ya Wazungu. Nimeyasikia hayo harusini, msibani, kwenye daladala. Nimechoka!

Eti Marekani ni mtoto 1 kati ya 31, kwetu hakuna. Hakuna? Nani amehesabu? Wewe?

Hiyo 1 kati ya 31 ni ya watoto wa miaka 8, mwaka 2022. Mwaka 2000, Marekani hiyohiyo ilikuwa 1 kati ya 150. Na mwaka huohuo wa 2022, Laredo kule Texas walipata 1 kati ya 103, huku sehemu ya California ikipata 1 kati ya 19. Nchi moja! California madaktari wa watoto wamefundishwa kumtambua mtoto mapema. Anayetafuta ndiye anayeona.

Usikimbilie kulaumu chanjo pia. Andrew Wakefield, Mwingereza aliyezua mwaka 1998 hofu kwamba chanjo huleta usonji, alifutwa udaktari mwaka 2010, na jarida lililomchapisha likaifuta makala yake.

Wakorea Kusini nao walidhani ni nadra kwao. Watafiti wakaingia mjini Goyang, wakauliza wazazi na walimu wa watoto wa miaka 7 hadi 12, wakawapima watoto waliotiliwa shaka. Matokeo yakatoka mwaka 2011: mtoto 1 kati ya 38. Theluthi mbili ya waliokutwa na usonji walikuwa wamekaa kwenye madarasa ya kawaida, hawajulikani, hawasaidiwi.

Umesikia, ndugu yangu? Walikuwa darasani!

Na wa kwetu wako wapi? Mtoto ana miaka minne, haongei. Anazungusha kifuniko cha sufuria asubuhi mpaka jioni. Bodaboda ikipiga honi anaziba masikio na kulia. Bibi anasema ataongea tu, hata baba yake alichelewa. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Fedha zinaisha kwa mganga, baba anahama nyumba, mama anabaki na lawama.

Mficha uchi hazai. Sisi tunaficha mtoto mzima chumba cha uani, kisha tunajisifu kwamba hatuna usonji!

Mtoto ambaye angefundishwa kuomba maji akiwa na miaka mitatu, kwa maneno au kwa picha, anafika kumi na mbili akijigonga kichwa ukutani kwa kiu, nasi tunamwita zezeta. Akipelekwa shule anachapwa kwa kutotulia. Asipochapwa, mwalimu mkuu anamwambia mama: huyu mpeleke kwingine.

Kwingine wapi? Bajeti ya kwingine iko wapi, na mbunge wako umemuuliza lini?