Mstari mumoja kwa majani yote



Katika saa ya biolojia tulichuma majani ya maembe ili tujue kama yale ya muti mumoja yana umbo moja. Kila mutu akachora jani lake vile lilivyolala juu ya meza. Halafu kelele: «Langu njo pana kupita!» Mimi nasema tulibishana bure, juu hatukuyaweka majani kwenye mstari mumoja.

Fred Bookstein wa Marekani alieleza njia hiyo katika mwaka 1986. Unachagua alama mbili: pale kikonyo kinapoingia katika jani, na ncha. Ya kwanza unaiita 0, ya pili 1. Unageuza picha, unaikuza ao unaipunguza, mpaka alama hizo mbili zikae pahali pamoja kwa majani yote. Tofauti inayobaki, hiyo njo umbo. Jani la sentimetre 20, ambalo ukingo wake unafika 3 kutoka mstari, linatoa 0,15. Jani dogo la 10, ambalo ukingo unafika 1,5, linatoa vilevile 0,15. Ukubwa si umbo.

Lakini tuangalie. Kama mdudu amekula ncha ya lile la kwanza, likabaki 15, hesabu itatoa 0,20. Jani halikupanuka, mstari njo umekosa. Na kosa halionekani kwenye ncha, kwa sababu tumekwisha kuiita 1. Linaangukia alama zingine zisizo na kosa. Njo maana wengine wanapenda njia ya Prokruste, ambayo alama zote zinasaidiana, hakuna mbili zinazotawala.

Neno hili si la majani tu. Petrus Camper wa Uholanzi, katika miaka ya 1700, alilaza picha za mafuvu ya watu juu ya mstari toka tundu la sikio mpaka chini ya pua, akapima pembe ya uso. Wengine waliomufuata walitumia pembe hiyo kupanga watu wa juu na wa chini, na sisi Waafrika wakatuweka chini. Mstari unalinganisha maumbo; haupimi akili wala roho.

Basi naomba: mbele ya kupima, darasa lote lipatane alama mbili, tuziandike, na jani lililokatika tuliache. Na mutu akituletea hesabu juu ya watu, tumuulize kwanza: mstari huo, nani aliuchora? Biblia inakataza mizani ya uongo. Mstari wa uongo nao ni mizani.