Acheni kulaumu kabureta

Wasee, leo sileti picha za machweo ya Naivasha. Leo niko na hasira.

Kombi yangu ni ya mwaka 1974, injini 1600, nyuma iko na kitanda na jiko la gesi. Kwa video inakaa poa. Lakini kwa miezi miwili ilikuwa inanizimikia kila nikipanda ule mlima wa kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru. Inaenda fiti dakika 20, inaanza kukohoa, inazima. Ukingoja kidogo inawaka kama haijafanya kitu.

Fundi wa kwanza hakuuliza swali hata moja. "Hiyo ni kabureta." Nikanunua kabureta. Wa pili akasema pampu. Nikanunua pampu. Wa tatu akabadilisha plagi na filta. Jumla shilingi 23,000, na gari bado inazima palepale.

Siku moja ikazima, nikafungua tu kifuniko cha tangi. Ikavuta hewa: fssss! Nikawasha, ikawaka mara moja. Kumbe kapaipu ka kupumulia ka tangi kalikuwa kameziba. Petroli inatoka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Nikingoja, hewa inapenya polepole, gari inawaka tena. Kuzibua ilikuwa bure.

Sasa niambieni, hizo 23,000 nililipia nini? Nililipia kubahatisha.

Na msiseme nachukia mafundi. Mmoja aliniambia ukweli ukanichoma: "Kijana, nikikaa saa nzima naangalia gari yako na nisibadilishe kitu, utanilipa?" Nikanyamaza. Singelipa, na wewe pia hungelipa. Sisi wateja tunataka kuona spea mpya mkononi ndiyo tuamini kazi imefanywa. Tumewafunza mafundi kuuza vyuma badala ya akili, halafu tunalia tumeibiwa.

Na kuangalia kwenyewe si uchawi. Unafuata petroli kutoka tangi mpaka kwa injini. Kwanza uliza: inazima lini? Ikiwa baridi, ikiwa moto, ama baada ya muda? Fungua tangi, usikize. Injini ikiwa imezimwa, toa filta ya hewa, chungulia kwa kabureta, vuta kebo ya mafuta kwa mkono. Petroli ikiruka ndani, basi inafika; angalia cheche ya plagi kabla ya kumlaumu mtu. Isiporuka, rudi nyuma hatua kwa hatua: filta, pampu, mipira, tangi. Inazima tu ukiachilia mafuta? Fungua swichi bila kuwasha injini, toa ule waya wa vali ya umeme ya kabureta, uurudishe. Inafaa ilie "tik". Ikinyamaza, anzia hapo.

Lakini kuna kitu kimoja siwezi kuchekea. Nilipoinama kuangalia mwenyewe, nilipata mpira wa petroli umejaa nyufa, umelowa. Mafundi watatu walipitisha mikono hapo. Mpira wenyewe ni bei ya chapati chache! Injini ya Kombi iko nyuma, imefungiwa, ina joto, na bloku yake imetengenezwa kwa magnesiamu, chuma ambayo ikishika moto ukiimwagia maji unaichochea. Na mimi hulala juu yake. Tulikuwa tunabishana kuhusu kabureta na kifo kinadondoka tone kwa tone chini ya godoro.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite injinia. Lakini kuuliza "umejuaje?" hakuhitaji digrii. Ukipeleka gari gereji wiki hii, mwambie fundi hivi: "Boss, nitakulipa kuangalia. Usininunulie kitu kabla hujanionyesha shida iko wapi." Na akikuonyesha, lipa. Usianze kuomba punguzo eti hajatumia spana.

Halafu kabla ulale, nusa. Ukisikia petroli, toka nje.